LANGSTON HUGHES (1901-1967): MSHAIRI NA JINA LENYE MIBA

Utangulizi

Lugha humpa binadamu jina kabla hajajua kusema, na si kila jina huwa la heshima. Yapo majina ambayo mwenye nguvu humpachika mnyonge kwa nia ya kumdunisha. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba mnyonge naye huweza kulichukua jina hilohilo, akaliondoa makali, kisha akalitumia nyumbani kumwita ndugu na sahibu. Hapo ndipo huzuka swali ambalo ni la isimujamii na la maadili kwa wakati mmoja: tusi likishageuzwa kuwa neno la udugu miongoni mwa waliotukanwa, je, mtu wa nje ana idhini ya kulitamka? Na akilitamka kwa mapenzi, bila chembe ya chuki, je, bado huumiza?

Ni waandishi wachache walioliishi swali hili kama Langston Hughes, mshairi mashuhuri wa Wamarekani Weusi. Alitukanwa kwa jina hilo utotoni. Alilisikia likitumiwa kwa utani na upendo katika mitaa ya watu wake, akaliandika katika kazi zake. Alimtetea rafiki Mzungu aliyelitumia akateketea. Tena yeye mwenyewe, bila kukusudia, aliwahi kulitumia jina la kabila la watu wengine kwa namna iliyowachoma. Kuyasoma maisha yake kwa jicho hili ni kuona jinsi neno moja linavyobadilika uzito kulingana na mdomo unaolitamka.

Malezi na shali la nyanya

James Mercer Langston Hughes alizaliwa Februari 1 katika mji wa Joplin, jimbo la Missouri. Kwa miaka mingi vitabu vilitaja mwaka wa 1902, naye mwenyewe aliamini hivyo. Lakini mnamo 2018 ushahidi kutoka magazeti ya kale ya jimbo la Kansas ulionyesha kwamba alizaliwa 1901. Wazazi wake, James Hughes na Carrie Langston, walitengana angali mdogo. Baba alihamia Mexico akitafuta riziki na uhuru ambao Mtu Mweusi hakuruhusiwa kuupata Marekani. Mama alihangaika mji hadi mji akitafuta kazi. Mtoto akaachwa Lawrence, Kansas, chini ya ulezi wa nyanya yake, Mary Langston.

Nyanya huyu hakuwa mtu wa kawaida. Mume wake wa kwanza, Lewis Sheridan Leary, alikuwa miongoni mwa watu walioandamana na John Brown kuivamia ghala ya silaha ya Harpers Ferry mnamo 1859 ili kuanzisha vita dhidi ya utumwa, akauawa huko. Shali yake iliyotobolewa na risasi ililetwa kwa mjane, naye akaihifadhi maisha yake yote. Langston alipokuwa mtoto alifunikwa shali hiyo alalapo. Mume wa pili wa nyanya, Charles Langston, naye alikuwa mpiganaji katika harakati za kukomesha utumwa. Kwa hivyo mtoto huyu alilelewa katika nyumba ya ufukara, lakini nyumba iliyojaa visa vya watu waliokataa kudharauliwa.

Nje ya nyumba hiyo hali ilikuwa nyingine. Mnamo 1908 mama yake alipigania aandikishwe katika shule ya Wazungu mjini Topeka, akafaulu. Walimu wengi walimtendea wema, ila mmoja alizoea kutoa maneno ya kejeli kuhusu rangi yake mbele ya darasa. Baada ya maneno hayo wenzake walimfukuza njiani kwa mawe na mikebe. Mvulana mmoja wa Kizungu alisimama upande wake mara kadhaa. Mambo haya mawili, neno linalogeuka kuwa jiwe na rafiki wa nje anayejitokeza kutetea, yalitangulia mengi yatakayompata ukubwani.

Nyanya alifariki 1915. Hughes akaishi na mama yake Lincoln, Illinois, kisha Cleveland, Ohio, ambako alihitimu shule ya sekondari mnamo 1920. Mwaka huohuo, akiwa ndani ya gari moshi linalovuka mto Mississippi kuelekea Mexico kwa baba yake, aliandika shairi fupi linaloyaunganisha maisha ya Watu Weusi na mito ya Frati, Kongo, Nile na Mississippi. Shairi hilo lilichapishwa Juni 1921 katika jarida la The Crisis, lililohaririwa na W. E. B. Du Bois. Safari iliyomzaa shairi ilikuwa chungu. Kwa masimulizi ya Hughes mwenyewe, baba yake aliwadharau Weusi wenziwe na aliwadharau maskini wa Mexico. Mtoto aligundua kwamba tusi halisemwi na mtu wa nje pekee. Huweza kukita mizizi hata ndani ya nafsi ya aliyetukanwa.

Afrika yamwita mgeni

Baba alitaka mwanawe asomee uhandisi. Hughes alisoma mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Columbia, akakiacha mnamo 1922. Mwaka uliofuata alipata kazi ya ubaharia katika meli ya shehena iliyokuwa ikienda Afrika Magharibi. Meli ilipong'oa nanga, aliwatupa baharini wenziwe wa zamani, yaani vitabu vyake, kana kwamba anaanza maisha upya. Alitua Dakar, akateremka pwani hadi Nigeria, Kongo na Angola.

Alitazamia kupokelewa kama mwana aliyerudi nyumbani. Badala yake, Waafrika aliokutana nao walimtazama rangi yake ya shaba na nywele zake laini, wakacheka, wakamwambia kwamba yeye ni Mzungu. Alipinga kwa nguvu zake zote, wasimwamini. Baharia mmoja wa kabila la Kru kutoka Liberia alimfafanulia sababu: machotara waliowahi kufika pwani ile kutoka ng'ambo walikuja ama kama wamishonari wa kuwafunza wenyeji, ama kama makarani wa kutekeleza sheria za mkoloni. Kwa mwenyeji, hao wote walikuwa upande wa Mzungu.

Kisa hiki Hughes alikisimulia baadaye kwa uchungu uliochanganyika na ucheshi. Kina funzo kubwa kwa suala la majina. Mtu aliyekuwa ndani kabisa ya jamii yake New York aligeuka wa nje mara tu alipovuka bahari. Undani na unje si sifa ya ngozi. Ni sifa ya historia ambayo watu wameipitia pamoja.

Harlem na mwaka wa 1926

Baada ya kuosha vyombo katika kilabu cha usiku mjini Paris mwaka 1924, Hughes alirudi Marekani akaishi Washington. Huko aliwaona Weusi wenye mali na elimu wakijitenga na wenzao wa hali ya chini, wengine wakijivunia weupe wa ngozi zao. Yeye alivutwa na Barabara ya Saba, mahali pa wachukuzi, waimbaji wa bluzi na watu wa kanisa waliocheka kwa sauti. Lugha yao ndiyo aliyoitafuta kwa mashairi yake.

Mwaka 1925 shairi lake kuhusu mwimbaji wa bluzi lilishinda tuzo ya kwanza katika shindano la jarida la Opportunity. Katika sherehe hiyo alizungumza na Carl Van Vechten, mhakiki na mwandishi Mzungu aliyezaliwa Iowa mnamo 1880. Van Vechten alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki na fasihi ya Weusi. Alizikaribisha rangi zote mezani pake wakati ambapo jambo hilo lilikuwa nadra mno jijini New York. Aliuchukua mswada wa Hughes, akaupeleka kwa mchapishaji wake Knopf, na mnamo Januari 1926 diwani ya kwanza ya Hughes, The Weary Blues, ikatoka ikiwa na utangulizi wa Van Vechten.

Juni mwaka huo Hughes alichapisha katika jarida la The Nation insha ambayo hadi leo huhesabiwa kuwa azimio la kizazi chake. Hoja yake ilikuwa kwamba msanii Mweusi anayetamani kuwa mshairi tu, bila kutajwa weusi wake, kwa kweli anatamani kuwa mweupe. Alitangaza kuwa vijana wenzake wataandika juu ya nafsi zao nyeusi bila hofu wala haya, wapendwe wasipendwe. Yafaa kukumbuka kwamba siku hizo kumwita Mmarekani wa asili ya Kiafrika mweusi kulikuwa kumtukana, hata baina yao wenyewe. Jina la heshima lilikuwa Negro, na ilichukua kampeni ndefu kabla ya gazeti la New York Times kukubali, mnamo 1930, kuliandika kwa herufi kubwa. Hughes na wenzake walikuwa wakiyaokota majina yaliyotupwa jalalani na kuyavaa kama mapambo.

Riwaya ya rafiki

Agosti 1926 Van Vechten alichapisha riwaya kuhusu Harlem aliyoipa jina Nigger Heaven. Maneno hayo yalikuwa jina la mtaani la roshani ya juu kabisa katika kumbi za maigizo, mahali pekee ambapo Weusi waliruhusiwa kuketi. Mwandishi alikusudia sitiari: Harlem ilikuwa roshani hiyo, iliyosongamana juu ya jiji la Wazungu, wakaaji wake wakitazama chini viti ambavyo hawaruhusiwi kuvikalia. Sitiari ilikuwa na ukweli ndani yake. Tatizo lilikuwa katika neno lililoibeba.

Van Vechten hakukosa maonyo. Baba yake mzazi, aliyekuwa mzee wa Iowa na mfadhili wa elimu ya Weusi, alimwandikia kumsihi abadilishe kichwa hicho. Mshairi Countee Cullen, Mweusi, naye alikipinga. La kushangaza zaidi ni kwamba Van Vechten aliielewa kanuni aliyokuwa akiivunja. Ndani ya riwaya hiyo aliweka tanbihi ya kumweleza msomaji kwamba Weusi hulitumia neno hilo kwa uhuru wao kwa wao, wakati mwingine hata kwa mahaba, lakini Mzungu akilitumia huamsha hasira kali. Aliiandika kanuni ukurasani na kuivunja jaladani. Huenda alidhani kwamba urafiki wake wa kweli na Harlem ulikwisha kumvusha mlango, akawa mwenyeji.

Harlem haikukubaliana naye. Katika The Crisis ya Desemba 1926, Du Bois aliichambua riwaya hiyo kwa ukali, akaiona kuwa malipo mabaya kwa ukarimu wa watu waliomfungulia mwandishi milango ya nyumba zao. Wapo wengi waliokataa hata kuifungua. Kwa upande mwingine, James Weldon Johnson, mmoja wa viongozi walioheshimiwa mno katika harakati za haki, aliisifu, na vijana kama Wallace Thurman waliona kwamba kelele zilizidi kosa. Kwa hivyo nyumba yenyewe haikuwa na kauli moja. Huu ni ukweli ambao mara nyingi husahauliwa: hakuna mtu mmoja wa ndani mwenye uwezo wa kumpa mtu wa nje kibali kwa niaba ya wote.

Hughes alisimama na rafiki yake. Van Vechten alipokabiliwa na kesi kwa kunukuu wimbo bila idhini ya mwenyewe, Hughes alimtungia kwa haraka beti mpya za kujaza pengo, nazo zikatumiwa katika matoleo yaliyofuata. Utetezi huo ulimgharimu. Wapo waliosema kwamba Mzungu huyo ndiye aliyemharibu mshairi, dai ambalo Hughes alilikanusha maisha yake yote, akikumbusha kwamba mashairi yake mengi ya mtaani yaliandikwa kabla hawajafahamiana.

Hata hivyo, uaminifu kwa rafiki haukumpofusha. Katika tawasifu yake The Big Sea ya mwaka 1940 alirejea suala hilo na kueleza, kwa utulivu wa mtu aliyelitafakari miaka kumi na minne, kwa nini kichwa kile kiliwasha moto. Kwa Weusi wa tabaka zote, alieleza, neno hilo halina matumizi mema katika kitabu au mchezo, liwe limewekwa kwa kejeli, kwa uhalisia au kwa mzaha, na hata kama kazi yenyewe inapinga ubaguzi. Hubeba ndani yake mijeledi ya utumwa, kamba za waliotundikwa mitini, kazi zilizofungwa na milango iliyokomewa. Msomaji Mweusi aliyeliona neno hilo dirishani mwa duka la vitabu hakuwa na nafasi ya kufikia sitiari. Kumbukumbu ilimfikia kwanza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mshairi naye ajikwaa

Ingekuwa rahisi kumfanya Hughes hakimu wa kisa hiki kama yeye mwenyewe hangetenda kosa la aina hiyohiyo. Mapema mwaka 1927 alichapisha diwani yake ya pili na kuipa jina Fine Clothes to the Jew, akaitabaruku kwa Van Vechten. Jina hilo lilitokana na desturi ya maskini wa Harlem ya kuweka nguo zao nzuri rehani wanapoishiwa. Wenye maduka ya rehani wengi walikuwa Wayahudi, na katika usemi wa mtaani kuweka rehani kulikuwa kumpelekea Myahudi. Hughes alikuwa akinakili lugha ya watu wake kwa uaminifu, kama Van Vechten alivyodai kunakili lugha ya Harlem.

Magazeti ya Weusi yaliishambulia diwani hiyo vikali, lakini si kwa sababu ya Wayahudi. Hasira yao ilikuwa kwamba mshairi ameanika mbele ya Wazungu maisha ya walevi, makahaba na wacheza kamari, na kwa lugha yao yenyewe, badala ya kuwaonyesha Weusi waliosoma na kuendelea. Hughes alikuwa na jawabu kwa hao: hao ndio watu aliokua nao, na hawakuwa watu wa kuonewa haya.

Kwa Wayahudi hakuwa na jawabu. Jina la kabila lao lilikuwa limegeuzwa kuwa jina la biashara ya kumnyonya maskini, nalo liliungana na masimango ya karne nyingi huko Ulaya. Mtu aliyejua uzito wa jina lake aliushindwa uzito wa jina la jirani. Nyani haoni kundule. Lakini Hughes hakujificha nyuma ya nia yake njema. Katika The Big Sea alikiri waziwazi kwamba kichwa hicho kilikuwa kibaya, kwamba kiliwatatiza wasomaji na kuwaudhi Wayahudi wengi, na akashangaa ni vipi wachapishaji wake, akina Knopf, ambao walikuwa Wayahudi, walimwachia akitumie. Ungamo hilo ni fupi, lakini limebeba uzito. Ndani ya kitabu kimoja alieleza kwa nini jina la watu wake lisitumiwe ovyo na wa nje, na akakubali kwamba yeye alikuwa wa nje mahali pengine.

Neno linaporudishwa kwa mwenyewe

Kati ya 1931 na 1932 Hughes alizunguka majimbo ya kusini akisoma mashairi katika shule na vyuo vya Weusi. Ulikuwa wakati wa kesi ya Scottsboro, ambapo vijana tisa Weusi walishtakiwa huko Alabama kwa ubakaji ambao hawakuutenda, na wanane wao wakahukumiwa kifo. Mwishoni mwa 1931 gazeti dogo la vijana mjini Chapel Hill, North Carolina, lilichapisha shairi lake linalomwaza Kristo akiwa amezaliwa Alabama: mama yake ni mtumishi Mweusi, baba yake ni bwana Mzungu asiyemtambua, naye Kristo anaitwa kwa neno lilelile ambalo kusini humwita kila Mweusi.

Mji ulighadhabika. Watu ambao walilitamka neno hilo kila siku shambani, jikoni na mahakamani walilalamika kwamba ni kufuru. Kinaya kilikuwa wazi. Neno lilikuwa lao, walilitengeneza wao, lakini walipoliona juu ya uso wa Masihi walilitambua kwa mara ya kwanza kuwa ni tusi. Hughes hakulitumia kwa mahaba wala kwa utani. Aliwarudishia wenye neno wajitazame. Haya ni matumizi ya tatu, tofauti na lile la chuki na lile la udugu, na ushairi wa Kiswahili, wenye utamaduni mrefu wa mafumbo na majibizano, unaielewa vyema mbinu hiyo ya kumvisha mtu kofia aliyoishona mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye, mnamo 1934, mkusanyiko wake wa hadithi fupi The Ways of White Folks uliwachora Wazungu wa aina nyingine: wale wanaowapenda Weusi kupita kiasi. Katika hadithi mojawapo, mume na mke wasanii wanaujaza ukumbi wao sanamu na nyimbo za Weusi, wanamtafuta kijana Mweusi wa kumchora, na hawaelewi kabisa kwa nini watumishi wao Weusi hawafurahii mapenzi hayo. Hadithi haina mtu mwenye chuki. Ina watu wanaopenda bila kuuliza, na wanaodhani kwamba kupenda ni sawa na kumiliki.

Simple, Makerere na miaka ya mwisho

Miaka iliyosalia ilijaa kazi na misukosuko. Alizuru Muungano wa Kisovieti mnamo 1932 na Uhispania wakati wa vita vya 1937, na mnamo Machi 1953 aliitwa mbele ya kamati ya Seneta Joseph McCarthy kuhojiwa kuhusu maandishi yake ya mrengo wa kushoto. Kazi iliyompendeza zaidi msomaji wa kawaida ilianza 1943 katika gazeti la Chicago Defender, alipomuumba mhusika Jesse B. Semple, maarufu kama Simple, mfanyakazi wa Harlem anayeyapima mambo ya dunia akiwa baa. Katika mazungumzo mojawapo Simple analalamika kwamba lugha imeupachika weusi kila uovu, toka soko la magendo hadi paka wa nuksi. Msomaji wa Kiswahili anayetumia misemo kama roho nyeusi ana la kujiuliza hapo.

Hughes aligeukia Afrika tena, safari hii kama mwenyeji zaidi kuliko 1923. Mwaka 1960 alihariri mkusanyiko wa maandishi ya Waafrika, An African Treasury, na Juni 1962 alifika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kwa kongamano la waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza. Walikuwepo Chinua Achebe, Wole Soyinka, Ezekiel Mphahlele na mwanafunzi aliyeitwa James Ngugi. Wazo la Negritude, ambalo Aimé Césaire, Léopold Senghor na Léon Damas walilijenga juu ya neno la Kifaransa lililotumiwa kuwatusi Weusi, lilijadiliwa na kupingwa na baadhi ya waandishi wa kizazi hicho. Waandishi wa lugha za Kiafrika hawakualikwa, hata Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huohuo. Mlango wa ndani na nje una pande nyingi.

Mnamo 1966 Hughes alihudhuria tamasha kuu la sanaa za Weusi mjini Dakar, bandari ileile aliyoifikia akiwa baharia. Alifariki New York tarehe 22 Mei 1967. Majivu yake yalizikwa chini ya sakafu ya Kituo cha Schomburg huko Harlem, chini ya mchoro wa mito unaokumbuka shairi lake la ujana.

Hitimisho

Wakati Hughes akifa, maneno yalikuwa yakibadilishana viti. Jina Negro, alilolitumia kwa fahari maisha yake yote, lilikuwa likikataliwa na vijana, na mweusi, lililokuwa tusi utotoni mwake, likawa bendera. Mnamo 2016 serikali ya Marekani iliondoa jina Negro katika sheria zake. Neno lile baya zaidi halikufa. Lilipanda jukwaani na muziki wa kufokafoka, likasafirishwa duniani kote, na leo husikika vinywani mwa vijana wa Nairobi na Mombasa wakiitana kwa furaha bila kuijua njia liliyopitia.

Maisha ya Hughes hayatoi fatwa rahisi kwa vijana hao, lakini yanatoa mwanga. Nia njema haitoshi, kwani Van Vechten alikuwa nayo, na Hughes alikuwa nayo mwaka 1927. Ngozi pia haitoshi, kwani pwani ya Afrika ilimwita Hughes Mzungu. Neno lililogeuzwa huwa kama shali ya nyanya wa Lawrence: kwa waliompoteza mtu ndani yake ni kitu cha kumfunika mtoto, matundu ya risasi yakiwemo, kwa mgeni ni vazi la kupendeza lililotoboka. Mgeni anaweza kuisifu, kuisoma na kuisimulia. Kujifunika ni jambo la mwenye nyumba.

Wanafunzi wa Kiswahili wana mifano ya karibu zaidi. Watu wa bara waliitwa washenzi na watu wa pwani, nao Waswahili hulisikia jina lao likitajwa bara kwa maana ya ujanja na maneno mengi. Marafiki wa damu wanaweza kutaniana kwa majina hayo wakacheka. Asiyekuwa na utani huo na mwenziwe hana budi kufanya alilofanya Hughes mwaka 1940: kukubali kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na pale alipokosea kukiri kosa bila kujitetea.